Kunasa Nadhari ya Mnunuzi: Uchambuzi wa Mbinu za Kibunifu katika Matangazo ya Biashara ya Afrika Mashariki

Tangazo la biashara ni ujumbe unaolipiwa na mwenye bidhaa au huduma na kupitishwa katika chombo kinachowafikia watu wengi, kwa lengo la kuwafanya waijue bidhaa hiyo, waipende na hatimaye wainunue. Kabla ya hatua yoyote kati ya hizo kufikiwa, tangazo hulazimika kwanza kuonwa au kusikiwa na mtu ambaye hakulitafuta. Msomaji hununua gazeti ili apate habari, abiria hupanda daladala ili afike aendako, na msikilizaji hufungulia redio ili asikie muziki au mpira. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kukutana na tangazo. Kazi ya ubunifu, basi, si kulipamba tangazo baada ya kukamilika, bali ni kulipatia nafasi katika akili iliyokuwa na shughuli nyingine.

Kinachogombewa hapa ni nadhari, yaani ile hali ya akili kukielekea kitu kimoja na kuviacha vingine, kwa hiari au bila hiari. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon wa Marekani alieleza kwamba wingi wa habari huzaa uhaba wa nadhari, kwa kuwa kile ambacho habari hukitumia na kukimaliza ni nadhari ya anayeipokea. Miongo kadhaa kabla yake, mwaka 1898, mtaalamu wa matangazo Elias St. Elmo Lewis alikuwa ameanza kuichora safari ya mnunuzi kama ngazi inayoanzia kwenye nadhari, ikapanda hadi kwenye shauku na hamu, na kuishia kwenye tendo la kununua. Makala haya yanachambua mbinu zinazotumika kumpandisha mnunuzi wa Afrika Mashariki katika ngazi hiyo, na yanashikilia hoja mbili: kwamba nguvu kubwa ya matangazo ya eneo hili imetoka katika sanaa ya usemi wa Kiswahili kuliko katika picha, na kwamba uwezo wa tangazo kunasa nadhari hauna uhusiano wowote wa lazima na ukweli wa kile linachokisema.

Jinsi akili inavyochuja

Mbinu za matangazo hufanya kazi kwa sababu akili ya binadamu ina tabia zinazotabirika. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza Colin Cherry alichunguza jinsi mtu anavyoweza kumsikiliza msemaji mmoja katikati ya kelele za wengine, na mwaka 1959 Neville Moray akaonyesha kwamba hata katika sauti zilizopuuzwa, jina la msikilizaji mwenyewe wakati mwingine hupenya. Hii ndiyo sababu ya matangazo kumwita mlengwa wake mapema, kwa kutaja mama mwenye mtoto mchanga, mkulima wa mahindi au mwanafunzi wa chuo, ili yule anayehusika ageuke hata kama hakuwa akisikiliza.

Tabia ya pili ni ile iliyoelezwa na Hedwig von Restorff mwaka 1933, kwamba kitu kilicho tofauti na vyote vinavyokizunguka hukumbukwa zaidi. Mfano wake maarufu katika historia ya matangazo ni ule wa gari la Volkswagen nchini Marekani mwaka 1959, ambapo kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach iliweka picha ndogo ya gari katika ukurasa ulioachwa karibu wote mweupe, wakati matangazo ya magari mengine yakijaza kurasa kwa rangi na ukubwa. Tabia ya tatu ni mazoea: mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila kukitafakari, hutosha kumfanya mtu akipende zaidi kidogo. Ugeni humfanya mtu ageuke na marudio humfanya akumbuke, na sehemu kubwa ya ufundi wa matangazo ni kuvisawazisha viwili hivyo, kwa sababu kilichorudiwa kupita kiasi huacha kuonekana, na kilicho kigeni kupita kiasi hukumbukwa bila jina la mwenyewe.

Inafaa pia kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba matangazo hufaulu kwa kupenyeza ujumbe wa siri usioonekana kwa macho. Dhana hiyo ilivuma mwaka 1957, wakati James Vicary alipodai kuwa aliongeza mauzo ya vinywaji na bisi katika jumba la sinema kwa kupitisha maneno kwenye skrini kwa kasi isiyoweza kuonwa. Mwaka 1962 yeye mwenyewe alikiri kwamba data zake hazikutosha kuthibitisha dai hilo. Mbinu zinazofanya kazi ziko wazi, na kwa kuwa ziko wazi zinaweza kuchambuliwa.

Mbinu za lugha

Mtunzi wa matangazo ya Kiswahili hurithi hadhira iliyokwisha kufundwa na methali, vitendawili, mafumbo na majina ya kanga. Jina la kanga lina sifa zote zinazotakiwa na kaulimbiu, yaani tungo fupi inayobeba wazo kuu la bidhaa: ni fupi, lina mizani, husomwa na mpita njia kwa mtupo mmoja wa jicho, na humwachia msomaji kazi ndogo ya kulifumbua. Kazi hiyo ndogo ndiyo inayonasa, kwa sababu mtu aliyefumbua fumbo huhisi kuwa maana ni yake, wala hakuletewa na mtu.

Kaulimbiu ya bia ya Tusker ya nchini Kenya, “Bia yangu, nchi yangu”, inaonyesha jinsi ushairi unavyofanya kazi hiyo kimyakimya. Kila nusu ina mizani minne, na kwa pamoja zinafikia mizani minane, idadi ileile ya kipande kimoja cha mshororo wa shairi la mizani kumi na sita ambalo sikio la Mswahili limelizoea. Takriri ya neno “yangu”, yaani urudiaji wake wa makusudi, huunda kina na wakati huohuo huziweka bia na nchi katika ngazi moja ya umiliki na mapenzi. Tungo hiyo haisemi chochote kuhusu ladha, bei wala ubora wa kinywaji. Inakihamisha tu kutoka katika uwanja wa starehe na kukiingiza katika uwanja wa uzalendo, ambako watu wachache hupenda kubishana.

Mbinu ya pili ni kuazima kauli ambayo watu wanaitumia tayari. Kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania ilipojitambulisha kwa maneno “Kazi ni kwako”, haikubuni msemo mpya, bali iliuchukua ule wa kila siku ambao mtu humwambia mwenziwe anapomkabidhi uamuzi baada ya kumpa alivyohitaji. Faida ya uazimaji huu ni kwamba kila mara msemo unapotamkwa katika mazungumzo ya kawaida, kivuli cha kampuni hupita. Tigo, kampuni nyingine ya simu ya Tanzania, ilitumia mnyambuliko wa kitenzi katika “Jaza Ujazwe”, ambapo kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zinakaa bega kwa bega na kueleza masharti yote ya ofa kwa maneno mawili: mteja akiongeza salio, naye ataongezewa. Lugha isiyo na mnyambuliko wa aina hii ingehitaji sentensi nzima.

Hata hivyo, uvumbuzi mkubwa zaidi wa matangazo ya Kiswahili haumo katika kaulimbiu bali katika majina ya huduma zenyewe. Kampuni za simu zimezipa huduma zao majina yaliyo vitenzi vya kuamuru: Safaricom ya Kenya ina Sambaza, Okoa Jahazi, Lipa na M-Pesa na, tangu mwaka 2019, Fuliza, huku Vodacom Tanzania ikiwa na Songesha. Jina la namna hii ni tangazo lisiloisha muda wake, kwa kuwa mteja hawezi kuitaja huduma bila kutamka amri ya kuitumia. Jina hilo pia huchagua ni upande gani wa huduma utakaoonekana. Okoa Jahazi ni mkopo wa muda wa maongezi unaotozwa asilimia 10, na Fuliza ni mkopo unaomwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake kwa ada. Lakini jina la kwanza linatumia istiari ya chombo kinachookolewa baharini, na la pili linaashiria jambo linaloendelea bila kukatika. Neno “deni” halimo katika jina lolote kati ya hayo.

Nguvu ya jina imejidhihirisha pia katika kampeni zisizo za kibiashara. Nchini Tanzania, kampeni ya afya iliyovuma redioni kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000 ilimpa mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo jina la Fataki, na jina hilo likahama kutoka redioni hadi vijiweni, likawa neno la kawaida la kumwumbulia mtu wa aina hiyo. Nchini Kenya, usemi wa “mpango wa kando” ulienezwa na kampeni za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Lakini tangazo la kondomu la mwaka 2013, lililomwonyesha mke mwenye uhusiano nje ya ndoa, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulilalamikia. Kesi hizi mbili zinaonyesha faida na gharama ya mshtuko: unanasa nadhari kwa haraka, lakini hadhira ikiona staha imevunjwa, mjadala huhamia kwenye tangazo lenyewe na ujumbe wake hupotea.

Kuhusu Sheng, msimbo wa vijana wa mijini nchini Kenya unaochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine, itoshe kusema kwamba humpa mwenye tangazo ukaribu na vijana kwa haraka, ila maneno yake huchuja upesi, na tangazo linalotumia neno lililopitwa na wakati huonekana kama mzee anayejilazimisha ujana.

Sauti: kibwagizo na igizo fupi

Kwa muda mrefu sikio ndilo lililokuwa mlango mkuu wa matangazo katika eneo hili. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianzisha idhaa yake ya biashara mwaka 1965, ilhali televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, hivyo kizazi kizima cha watunzi kilijifunza kuuza bila picha. Uwezo wa redio kukusanya nadhari ya umma ulithibitishwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa kutumia vikundi vya usikilizaji iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2.

Mbinu mbili za redio zimedumu. Ya kwanza ni kibwagizo, yaani wimbo mfupi unaobeba jina la bidhaa, ambao kwa sababu ya marudio na wepesi wa lahani huweza kuimbwa na mtoto asiyejua hata bidhaa hiyo ni ya nini. Ya pili ni igizo la watu wawili, ambamo mmoja ana tatizo na mwingine ana jibu: jirani anashangaa weupe wa shuka zilizoanikwa, au shemeji anauliza siri ya ugali uliotosha wageni wote. Mwenye shaka katika igizo hilo huwekwa kwa makusudi ili ayaseme maswali ambayo msikilizaji angeyauliza, na anaposhawishika, msikilizaji huonyeshwa njia ya kushawishika naye. Igizo hili hutegemea adabu ya maongezi ya Kiswahili, kwa maana ushauri wa jirani au wa ndugu hupokelewa kwa uzito ambao maneno ya muuzaji hayapewi.

Rangi, kuta na barabara

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, ukuta wa duka ni chombo cha habari. Kampuni humpa mwenye duka rangi ya bure au kibao chenye jina la duka lake, naye huipa kampuni sura ya jengo zima. Ndivyo nyekundu ya Coca-Cola ilivyoenea hadi kwenye vibanda vya barabara za vumbi, na ndivyo kampuni za simu zilivyogeuza safu za maduka kuwa ramani ya ushindani wao. Mbinu hii haihitaji kusomwa. Mtu asiyejua kusoma, na hata yule aliyemo ndani ya basi linalokwenda kasi, huitambua kampuni kwa rangi kabla ya kuiona nembo.

Kwa kuwa rangi hujengeka kwa mazoea, kuibadilisha ni kuanza kazi upya. Kampuni iliyoanza nchini Kenya mwaka 2000 kwa jina la KenCell ilikuja kuitwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, na kila jina lilikuja na sura yake, huku Safaricom ikibaki na jina moja na rangi ya kijani. Ushindani wa kampuni hizo uliamuliwa zaidi na bei, mtandao na M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, kuliko rangi. Hata hivyo, kampuni iliyobadilika ililazimika kutumia fedha kuwafundisha wateja jina jipya wakati mshindani wake akitumia fedha kuwauzia huduma. Jambo kama hilo limejitokeza tena Tanzania, ambako mwaka 2024 Tigo ilibadilishwa jina na kuwa Yas.

Kilele cha mazoea ni pale jina la bidhaa linapomeza jina la aina. Wapo wateja wanaoagiza “Kolgeti” wakimaanisha dawa yoyote ya meno, “Kiwi” kwa rangi yoyote ya viatu, na “Omo” kwa sabuni yoyote ya unga. Ushindi huu una hasara yake, kwani muuzaji aliyeombwa Omo anaweza kutoa sabuni ya mshindani bila mteja kuona kuwa amepewa kitu kingine.

Nyota, mpira na hisia

Kumtumia mtu mashuhuri, ambaye siku hizi huitwa balozi wa bidhaa, ni kuazima nadhari iliyokwisha kukusanywa. Wanamuziki wa Bongo Fleva, wachekeshaji na wachezaji mpira wamekuwa sura za vinywaji, simu na benki, na baadhi yao, kama Diamond Platnumz aliyeingiza sokoni karanga na manukato yenye majina yake, wameamua kujitangazia bidhaa zao wenyewe. Hatari ya mbinu hii inajulikana: nyota anaweza kuinyonya nadhari yote, watu wakamkumbuka yeye na kusahau alikuwa akiuza nini.

Mpira wa miguu hutoa nadhari kubwa zaidi, kwa sababu mapenzi ya timu hayategemei msimu wa kampeni. Nchini Tanzania mapenzi hayo hugawanywa zaidi na jozi moja, timu za Simba na Yanga; na mwaka 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilizidhamini timu zote mbili, ikihakikisha kuwa hakuna shabiki atakayeikosa. Mwezi Julai mwaka huohuo iliileta Everton ya Uingereza kucheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na bao la mbali la Wayne Rooney likabeba jina la mdhamini kwenda mbali kuliko bango lolote.

Hisia ndizo hufanya kilichonaswa kisiponyoke. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, matangazo yake hayakueleza teknolojia. Yalibeba wazo moja la kutuma pesa nyumbani, wazo lililomgusa mfanyakazi wa mjini mwenye wazazi kijijini. Tangazo la “Niko na Safaricom” la mwaka 2010 nalo lilitumia kwaya na mandhari ya nchi, likiuza hisia ya kuwa pamoja bila kutaja bei yoyote. Tofauti ya mifano hii miwili ni muhimu: katika wa kwanza hisia inatokana na kazi halisi ya bidhaa, na katika wa pili hisia imeletwa kutoka nje na kubandikwa juu yake.

Mtandao na simu ya mkononi

Tangazo la kwanza la bango katika intaneti lilionekana mwezi Oktoba 1994 katika tovuti ya HotWired nchini Marekani. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1998, watafiti Jan Benway na David Lane walieleza kile kilichoitwa upofu wa mabango, yaani tabia ya watumiaji kuliruka kwa macho kila kinachofanana na tangazo. Jibu la wenye matangazo limekuwa kuondoa mfanano huo. Tangazo la video hujitahidi kunasa katika sekunde chache za mwanzo, kabla mtazamaji hajaruhusiwa kuliruka, na matangazo mengi zaidi huvaa sura ya maisha ya kawaida ya mtu mwenye wafuasi wengi, anayepika, anayesafiri au anayetania huku bidhaa ikiwa mkononi. Pale ambapo malipo hayatajwi, mtazamaji hunyimwa ishara ambayo gazeti na redio vilimpa siku zote, kwamba anachokiona kimelipiwa.

Badiliko la pili ni kwamba tangazo sasa humfuata mtu mmoja mmoja kulingana na alichotafuta, alipo na alichonunua. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimetungwa wakati ambapo nadhari hainaswi tena kwa ubunifu peke yake, bali pia kwa kumjua mnunuzi kuliko yeye anavyodhani.

Mipaka ya ubunifu

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, inaonyesha kwamba shaka ya Waswahili juu ya kujinadi ni ya zamani. Sheria haikatazi kujinadi, hukataza kudanganya. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inazuia mienendo ya kibiashara inayopotosha, na Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Ugumu uko katika kutofautisha chuku na uongo. Chuku, yaani kutia chumvi kwa namna ambayo kila mtu anaitambua, haimdhuru yeyote. Lakini dai mahususi, kwamba dawa inaponya maradhi fulani au kwamba ofa ni ya bure, huweza kupimwa na ni lazima lipimwe. Kati ya hayo mawili kuna eneo la kijivu linalowakilishwa vyema na maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa”, yanayotamkwa kwa kasi mwishoni mwa tangazo la redio: zawadi hupewa sauti, muziki na muda, ilhali masharti hupewa pumzi moja.

Kwa baadhi ya bidhaa, serikali zimeona kuwa kudhibiti maneno hakutoshi. Kenya ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007. Kuhusu kamari, mamlaka za nchi hiyo zilijaribu mwaka 2019 kuzuia mabango ya barabarani na matumizi ya watu mashuhuri, na tarehe 29 Aprili 2025 zikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hatua hizo zina mantiki inayotokana na uchambuzi huu: tangazo la kubashiri humwonyesha mshindi mmoja mwenye jina na uso, na wanaoshindwa hawana uso, hivyo mbinu zilezile za kuifanya habari ikumbukwe huifanya nafasi ya kushinda ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Hitimisho

Mbinu zilizochambuliwa hapa hazilingani kwa thamani. Bora kuliko zote ni zile zinazonasa nadhari kwa kuonyesha kazi halisi ya bidhaa, kama ilivyofanya M-Pesa katika siku zake za mwanzo. Za kati ni zile zinazoburudisha bila kueleza kitu. Na zinazostahili kukemewa ni zile zinazotumia uzuri wa lugha kuficha gharama, deni au hatari. Wanafunzi wa Kiswahili wa shule za sekondari tayari hufundishwa lugha ya matangazo kama sajili mojawapo, yaani mtindo wa lugha unaotokana na muktadha wa matumizi, na huulizwa wataje sifa zake. Somo hilo lipanuliwe, ili mwanafunzi anayeweza kuitambua takriri na chuku aweze pia kuuliza tangazo limedai nini, limenyamazia nini, na nani amelilipia.